Umefunga wili za kaboni kwenye baiskeli nyepesi ya umeme, sasa kuna kitu hakiendi sawa

Mi nilipofunga wili zangu za kaboni mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya mtoto aliyepewa viatu vipya, nikabadilisha zote mbili, nikapanda, nikakanyaga pedeli, baiskeli ikaenda kama mita kumi hivi halafu mota ikanyamaza na taa ikabadilika rangi. Nikazima nikawasha, hola. Nikachomoa betri, nikapuliza viunganishi, hola. Nusu siku nzima niko kwenye waya na programu ya simu, nishamlaumu kila mtu akiwemo aliyeniuzia, kumbe kisumaku cha sensa ya spidi, kidude kidogo kama punje ya mahindi, kimebaki kwenye diski ya breki ya wili ya zamani, na hiyo wili imeegemea ukuta inaniangalia tu.

Ndo maana ushauri wangu wa kwanza hata kabla ya kushika spana: wili ya zamani usiitupe, usiiuze, usimpe mtu. Iweke karibu angalau mwezi mzima. Tatizo lolote likitokea rudisha ile ya zamani, zunguka kidogo. Likiisha, basi shida iko kwenye wili mpya au kwenye kitu ambacho hukukihamisha. Lisipoisha, kuna kitu kingine umekigusa wakati unafunga, pengine waya, pengine kalipa (kile kibanio cha breki kinachoikamata diski), na kaboni haihusiki kabisa. Hicho kipimo cha dakika kumi kingeniokolea siku yangu.

Halafu ujue una mota ya aina gani, maana dalili ileile ina sababu tofauti. Kuna mota za katikati, zinakaa pale kwenye pedeli, kama TQ HPR50, Fazua au zile SL za Specialized, hapa wili zote mbili unaweza kubadilisha. Na kuna mota za kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha wili, kama Mahle X35 na X20, hapa mota ndiyo habu yenyewe, kwa hiyo wili ya nyuma hununui ya dukani ukafunga tu. Aidha unabadilisha ya mbele peke yake, au unampelekea fundi asuke ringi ya kaboni juu ya mota yako. Nimeshakutana na mtu kanunua jozi nzima, kafunga na ya nyuma, halafu anauliza mbona mota haisukumi. Mota ipo kwenye wili aliyoivua!

Mota haisukumi, au inasukuma kidogo halafu inakata

Kwenye mota za katikati mshukiwa namba moja ni sumaku. Mfumo unataka kujua wili ya nyuma inazunguka kasi gani, usipopata hiyo habari unakata msaada. Baiskeli zenye mota ya Bosch zitakuonyesha kosa namba 503, nyingine zinabadilisha tu rangi ya taa. Sasa hiyo sumaku iko wapi? Inategemea. Nyingine imefungwa kwenye spoku, nyingine imepachikwa kwenye diski, nyingine iko kwenye lokiringi ya diski, yaani ile nati ya duara inayoibana. Ikague wili ya zamani taratibu, izungushe mbele ya sensa, utaiona.

Ukishaihamisha kuna mtego wa pili. Spoku za wili nyingi za kaboni ni bapa, siyo duara, na sumaku iliyotengenezwa kwa spoku ya duara inakaa upande, inateleza, baada ya kilomita chache imezunguka imeangalia ndani. Mota inafanya kazi, haifanyi, inafanya, unahisi kama betri inakufa. Tafuta sumaku ya spoku bapa. Na umbali kutoka kwenye sensa, kwa mifumo mingi mm 5 mpaka 15 hivi ndo panapofaa, ukizidisha haisomi, ukipunguza sana siku moja vinagongana. Kama sensa ina alama ya mstari, sumaku ipite sawa na huo mstari, siyo juu yake wala chini yake.

Kwenye mota za habu, kama ringi imesukwa upya na mota haiamki, anzia kwenye kiunganishi cha waya. Vingi vina mishale miwili inayotakiwa kuangaliana, na vinaingia kwa kubana hasa, yaani unadhani umefika kumbe bado mm 2 au 3. Usikizungushe, kisukume kinyoofu. Halafu kwa wenye X35 kuna kitu watu wengi hawakijui: ile lokiringi inayobana kaseti, yale meno ya gia za nyuma, siyo ya kawaida, ina sumaku ndani yake, na kuna sensa kwenye fremu upande wa gia inayozihesabu ili ijue unakanyaga. Fundi akikuwekea kaseti mpya na lokiringi yake mpya inayong'aa, ile ya zamani akaitupa, mota haitajua kama unapiga pedeli. Inawaka, taa nzuri, betri imejaa, haisukumi. Niliwahi kuona lokiringi ya hivyo imetolewa kwenye boksi la skrapa, imejaa vumbi, ikarudishwa na baiskeli ikapona hapohapo.

Spidi inayoonyeshwa siyo, au mota inakata mapema

Hii inatokea ukibadilisha tairi pamoja na wili, na wengi tunafanya hivyo. Kompyuta inahesabu mizunguko inazidisha na mzingo wa tairi. Tairi ya 700x40 (hiyo 40 ni upana wake kwa mm) ina mzingo wa kama mm 2200, ya 700x28 kama mm 2136. Ukitoka kwenye 40 ukaenda 28 bila kubadilisha namba kwenye mfumo, baiskeli inaamini unaenda kasi kuliko ukweli, kwa asilimia 3 hivi. Kwa hiyo kama mota yako inakata kilomita 25 kwa saa, inakata ukiwa 24 na kidogo, na unahisi imekuwa mvivu. Na ile kilomita 100 uliyojisifia ni 97.

Ingia kwenye programu urekebishe, mifumo mingi inaruhusu kucheza kidogo tu na hiyo namba. Ukitaka iwe sahihi pima mwenyewe, weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, kaa juu ya baiskeli mtu akushike, isogeze mzunguko mmoja kamili, pima kwa futi kamba. Usiandike namba ya uongo ili mota iendelee kusukuma kasi zaidi, kile kikomo kipo kisheria na kwenye ajali ndo watu wanaanza kufungua mafaili.

Breki inasugua, au inapiga kelele

Kusugua ni kawaida kabisa, wala usiogope. Diski haikai sehemu ileile kwenye habu mbili tofauti, tofauti ya nusu mm inatosha kuleta ule mlio wa shii shii shii. Legeza bolti mbili za kalipa, bana breki ya mkono uishikilie, kaza bolti taratibu kwa zamu, achia. Ikikataa, fanya kwa macho, weka karatasi nyeupe nyuma uangalie mwanga pande zote mbili za diski. Kama inasugua sehemu moja tu ya mzunguko hapo diski imepinda, kalipa haina kosa.

Kama ulihamisha diski, hakikisha lokiringi ya sentaloki (diski inayobanwa na nati moja ya katikati badala ya bolti sita) imekazwa Nm 40, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, na ni nguvu nyingi kuliko unavyodhani, ukikaza kwa mkono wa huruma diski itacheza na utasikia tak kila ukifunga breki. Wili za bolti sita na za sentaloki haziingiliani bila adapta.

Kelele ya kulia kama mbuzi ni jambo lingine, hiyo ni mafuta. Umeishika diski kwa vidole vyenye grisi, au umepuliza dawa ya cheni karibu. Futa diski kwa spiriti, pedi zipige msasa mwepesi, halafu zizoeshe: kimbiza, funga breki mpaka karibu kusimama, rudia mara kumi na tano ishirini. Pedi ikishanywa mafuta sana haiponi, weka nyingine.

Wili haikai sawa kwenye fremu, au gia zinaruka

Napita haraka hapa kwa sababu jibu ni vipimo tu. Nyuma nyingi za baiskeli za barabarani ni 12x142, yaani ekseli (mhimili wa wili) ya unene wa mm 12 na habu ya upana wa mm 142, za mlimani nyingi ni 12x148, na hizo mm 6 huwezi kuzilazimisha. Ekseli nayo ina nyuzi tofauti, ikigoma kuingia usiikaze kwa nguvu, utaua nyuzi za fremu. Kwenye gia, kaseti ya spidi 10 ikiwekwa kwenye frihabu (sehemu ya habu inayobeba kaseti) ya barabara ya spidi 11 inahitaji ringi ya nafasi ya mm 1.85 nyuma yake, bila hiyo inacheza hata ukikaza mpaka ukome. Kama kaseti imekaza vizuri lakini gia zinasitasita, ni sababu ileile ya diski, habu mpya imesogeza kaseti kidogo, zungusha kirekebishio cha kebo robo mzunguko au tumia menyu kama ni gia za umeme.

Upepo unaisha usiku

Hapa ndo watu wanapolia. Wili nyingi za kaboni zinaendeshwa tyubulesi, yaani bila tyubu ndani, na ukifunga jioni asubuhi unakuta tairi imelala. Tatizo ni kwamba ringi ya kaboni ni bomba, ina uwazi ndani, kwa hiyo hewa inaweza kuvuja kwenye tepu inayoziba matundu ya spoku sehemu moja ikasafiri ndani ya ringi ikatokea sehemu nyingine kabisa. Unapaka maji ya sabuni, unaona mapovu madogo madogo yanachemka kwenye nipeli, kile kinati kinachoshika spoku kwenye ringi, iliyo upande wa pili wa valvu, unabandika kiraka pale, na kesho yake yanatoka kwenye nipeli nyingine. Ukiona mapovu kwenye nipeli, popote pale, usihangaike na nipeli. Tepu ndo imefeli. Au valvu haijakaa.

Anza na valvu kwa sababu ni rahisi: vuta shina lake nje huku unakaza nati kwa vidole, siyo kwa koleo, ukitumia koleo siku ya pancha barabarani hutaifungua. Raba ya chini ya valvu iwe na umbo linaloendana na sakafu ya ringi, kuna ya duara na ya bapa. Ikishindikana vua tairi, bandua tepu yote, safisha ringi kwa spiriti ikauke hasa, weka tepu pana kuliko ndani ya ringi kwa mm 2 hadi 4 ili ipande kidogo ukutani, ivute kwa nguvu unapobandika, ipitilize mwanzo wake sentimita 10 hivi, kandamiza kila tundu la spoku kwa kidole gumba. Halafu weka tyubu ya kawaida, jaza upepo, iache usiku kucha ikandamize tepu. Hii hatua ya tyubu wengi wanairuka, usiiruke.

Kama mapovu yanatoka kati ya tairi na ringi, hiyo ni nafuu, dawa ya kuziba pancha bado haijafika pale, laza wili upande mmoja, baadaye upande mwingine, endesha kidogo. Na kama unatumia tyubu, ringi ya urefu wa mm 50 (kutoka ukingo wa tairi mpaka kwenye spoku) inataka valvu ya mm 70 na kuendelea, ukiweka fupi pampu inashika ncha tu na unapoteza upepo mwingi kuliko unaoingiza.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Kama ringi zako ni hukulesi, yaani ukingo wa ndani umenyooka hauna kile kijino cha kushika tairi, mwisho ni baa 5, yaani psi 72.5, na tairi iwe imeandikwa inakubali hukulesi. Kwenye baiskeli ya umeme kishawishi ni kikubwa kwa sababu chombo ni kizito, mtu anaona tairi imelalia anaongeza tu. Kama baa 5 hazikutoshi kwa uzito wako, dawa ni tairi pana zaidi. Februari 2024 kwenye mashindano ya baiskeli ya UAE Tour, Thomas De Gendt, mtu aliyekuwa anaendesha kama kazi, tairi yake ilitoka kwenye ringi ya hukulesi akaanguka, na mabishano yake watu walikesha nayo, wengine wakisema jiwe ndo chanzo, wengine ringi.

Cha mwisho kwenye tairi: ringi za kaboni mara nyingi ni pana ndani, tairi ya 28 inaweza kujaa ikafika 30. Ukisikia harufu ya raba au ukiona mstari uliokwanguka kwenye fremu, ndo hiyo. Acha angalau mm 4 kila upande.

Kelele

Kaboni ina sifa moja, ringi ndefu ni kama ngoma, inakuza kila kitu. Mlio wa frihabu utakuwa mkubwa kuliko ulivyozoea, hiyo siyo hitilafu.

Ting ting ting za spoku kwenye mita mia za kwanza, kama mtu anakung'uta gitaa, ni spoku zinajinyoosha baada ya kusukwa, zinaisha zenyewe. Zikirudi kila siku au zikiwa na mdundo wa kila mzunguko, hapo kuna spoku imelegea, zibane mbili mbili kwa vidole au zipige kama nyuzi usikilize, za upande mmoja zinatakiwa zitoe sauti inayokaribiana.

Tiki tiki inayokwenda na kasi ya wili na kupotea ukipanda mlima polepole? Valvu. Shina refu linagonga tundu la ringi, zungushia kipande cha tepu ya umeme, imeisha hiyo. Niliwahi kubadilisha beringi kwa sababu ya huu mlio, usinicheke.

Kitu kinachobingirika ndani ukizungusha wili kwa mkono ni kipande cha gundi ya kaboni kilichobaki kiwandani, au nipeli iliyovunjika. Cha kwanza ni kero tu, unavua tepu unakikung'uta kitoke kwa tundu la valvu. Cha pili maana yake kuna spoku haina kazi, itafute.

Na ule mlio wa kukwaruza ukisimama kwenye pedeli, kabla hujafungua chochote paka ekseli grisi kidogo uikaze kwa kipimo kilichoandikwa juu yake.

Spoku zinakatika nyuma, kwenye mota ya habu

Mota ina flanji kubwa, yaani ule ukingo wa habu unaoshika spoku. Ukiweka ringi ndefu ya kaboni juu yake spoku zinakuwa fupi sana, na kama zimesukwa kwa kupishana mara nyingi zinaingia kwenye ringi kwa pembe kali, nipeli inaangalia huku, spoku inaangalia kule. Kila mota ikivuta, pale panakunjwa. Baada ya muda zinakatika shingoni mwa nipeli moja baada ya nyingine. Zikikatika hapo usibadilishe spoku moja moja kama unatoa mchango, mwambie fundi asuke upya kwa mpishano mdogo, au ringi fupi zaidi yenye matundu yaliyoelekezwa. Zikikatika upande wa kichwa, kwenye flanji, mara nyingi mkazo ulikuwa mdogo tokea mwanzo.

Na soma kikomo cha uzito cha ringi. Wengine wanaandika uzito wa mwendeshaji, wengine uzito wote, wewe na baiskeli na begi na maji, na baiskeli ya umeme hata iwe nyepesi mara nyingi ni kilo 12 mpaka 16 kabla hujapanda.

Upepo wa pembeni unakuyumbisha

Ni ringi ya mbele, ni ndefu mno kwako. Hakuna cha kutengeneza, weka fupi mbele, ndefu ibaki nyuma. Ukihisi usukani unatetemeka ukishuka mlima hata bila upepo, angalia beringi za usukani na upepo wa tairi kwanza.

Chaji haijafika mbali zaidi

Haitafika, na wili haijaharibika. Piga hesabu: umepunguza nusu kilo, ukapanda mlima wa mita 500 kwenda juu, nishati uliyookoa ni kama Wh 0.7 (Wh ni kipimo cha nishati ya betri). Betri ya baiskeli hizi ni kama Wh 250 na kuendelea. Ni tone. Ukitaka chaji, badilisha tairi kwanza, tairi nzito ya kujikinga pancha inakula zaidi ya ringi yoyote. Pale wili za kaboni zinapolipa ni juu ya kile kikomo cha kasi, mota imeshazima, umebaki na miguu yako na upepo usoni, hapo umbo la ringi linakusaidia wewe, siyo betri.

Umepiga shimo

Simama. Vua tairi hata kama ni usumbufu, pitisha kucha ndani ya ukingo mzunguko mzima, halafu gonga ringi kwa sarafu taratibu kila sentimita mbili. Nzima inalia kavu, ki ki ki, palipoachana ndani panalia bubu, ku, kama unagonga kadibodi. Gonga sehemu nzima kwanza sikio lizoee, na karibu na valvu sauti hubadilika yenyewe usitishike. Ukiona ufa, nyuzi zimesimama, au sauti imekufa sehemu moja tu, rudisha ile wili ya zamani iliyoegemea ukuta, na kama ni ya nyuma usisahau kuhamisha sumaku.